Kisumu ni Nyumba ya Kuku?

Mimi ni yule wa Kidato cha Tatu ambaye wengi wenu mnaniita Kuku. Nimeona heri nianze hapo hapo, kwa sababu ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza husikia jina hilo likiitwa kwenye foleni ya chakula na hawajui lilitoka wapi.

Ilikuwa hivi. Muhula wa kwanza, Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala siku ya Ijumaa baada ya masomo. Mada ilikuwa asili ya jina la mji wetu, Kisumu. Wenzangu watatu walisimama mmoja baada ya mwingine na wakasema jambo lile lile: ati jina hili limetokana na neno la Kijaluo, kisuma, yaani kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana vitu. Zamani mtu akiishiwa na nafaka alibeba samaki wake au vyungu vyake, na akiulizwa na jirani anakwenda wapi, alijibu kwamba anakwenda kisuma. Makofi yalipigwa. Mimi nami nikainua mkono. Nikasema kwamba nyumbani kwetu baba hutuambia jina hilo ni la Kikisii, egesumu, na maana yake ni kibanda cha kufugia kuku.

Lo! Darasa zima lilivunjika mbavu. Mtu mmoja kule nyuma akawika kama jogoo, na wengine wakamwitikia. Halafu jamaa mmoja (simtaji, anajijua) akasema kwa sauti, "Kwani nyinyi mlikuja lini hapa? Jamwa atatuelezaje jina la kwetu?" Kwa wasiojua, jamwa ni neno la Kijaluo la kumwita mtu wa lugha nyingine. Neno lenyewe si tusi. Hata jirani yetu mzee hulitumia akitutania na mama hucheka. Lakini neno ni kama panga, inategemea limeshikwa na nani na siku hiyo anataka kukata nini.

Sikulia. Wale wanaosema nililia wanasema uongo, nilikuwa na mafua.

Basi, tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza watu. Nimeuliza sokoni, nimeuliza kwenye matatu, nimemuuliza hata mlinzi wa lango letu. Haya ninayoandika ni maoni yangu baada ya kuuliza, na mlezi wa chama ameniruhusu niyaseme yote mradi nisimtukane mtu.

Kwanza, baba. Mama yangu huuza ndizi katika soko la Kibuye na baba humsaidia kuzishusha asubuhi kabla hajaenda kazini. Jioni ile nilimwambia baba yaliyonipata. Nilidhani atakasirika. Yeye akasema tu, "Mimi nilisikia kwa baba yangu. Kama ni kweli au si kweli, sikuwepo." Kisha akaniambia niende kwa fundi wa baiskeli, jirani yetu anayetoka Vihiga, nimuulize yeye jina hili ni la nani. Fundi hata hakuinua kichwa kutoka kwa gurudumu. Alisema jina ni la Waluhya, kwa kuwa kwao kusuma ni kwenda kuomba au kununua chakula kwa wengine wakati wa njaa. Alisema kwa uhakika kabisa, kama mtu anayetaja tarehe ya kuzaliwa kwake. Wanandi nao, nimeambiwa, hudai neno ni lao, na wao pia hutaja biashara ya wakati wa uhaba.

Hebu tazameni sasa. Makabila manne, na kila moja linasema, "Sisi ndio tulioupa mji huu jina." Ukiwa hakimu utasema watatu ni waongo. Mimi nasema tulieni kwanza tuangalie wanachokisema. Mjaluo anasema mahali pa kutafuta chakula. Mluhya anasema mahali pa kutafuta chakula. Mnandi vivyo hivyo. Sisi Wakisii peke yetu ndio tumekuja na nyumba ya kuku, na hata kuku, kama sijakosea, huliwa. Huu mji ulikuwa mahali watu walipokutana wakati matumbo yanawauma. Wa ziwani alikuja na samaki, wa milimani akaja na wimbi na ndizi, wa upande wa Nandi akaja na mifugo. Sasa niambieni, watu wanne wakikutana sokoni na kila mmoja akapaita pale kwa ulimi wake, soko ni la nani?

Ndiyo maana jibu la yule jamaa wa nyuma liliniuma. Si kwa sababu ya kuku. Kuku nimezoea. Liliniuma kwa sababu jina alilokuwa akililinda ni jina la kukaribisha watu, naye alilishika akalifanya ufunguo wa kufungia mlango.

Jina moja tu la mji huu ndilo halina ugomvi, nalo halikudumu. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani mwezi wa Desemba mwaka wa 1901, Waingereza walipaita mahali hapa Port Florence. Husemwa kwamba huyo Florence alikuwa mke wa Ronald Preston, mmoja wa wasimamizi wa ujenzi wa reli, na kwamba ndiye aliyegongelea msumari wa mwisho. Asili yake inajulikana vizuri, mwaka upo na mwenyewe yupo. Na leo ukipanda boda boda useme, "Nipeleke Port Florence," huyo kijana atakuuliza kama ni hoteli. Lile jina la njaa na samaki ndilo lililobaki. Ziwa lenyewe ni vivyo hivyo: Speke alilifikia mwaka wa 1858 akaliita kwa jina la malkia wake, na ramani zote zimemtii, lakini Wajaluo bado wanasema Nam Lolwe na Waganda wanasema Nalubaale. Hata ghuba yetu ilikuwa ikiitwa Kavirondo kwenye ramani za zamani, siku hizi ni Winam, yaani kichwa cha ziwa.

Ukitembea mji huu na masikio wazi utachoka kwa kucheka. Mimi naishi Manyatta, neno la Wamaasai, na sijaona ng'ombe wa Mmaasai hata mmoja. Wakubwa wanaishi Milimani, jina la Kiswahili, ambako mlima wenyewe utautafuta kwa tochi. Kuna Mamboleo, Kiswahili kitupu, na sisi wanachama tunapita pale kila siku kwa matatu bila hata kujivunia. Kuna Lumumba, jina la yule kiongozi wa Kongo aliyeuawa Januari 1961, ambaye jina lake limefika hapa ziwani na kukaa. Halafu kuna Pandpieri. Mwalimu aniwie radhi, lakini kwa Kijaluo maana yake ni "ficha makalio yako." Kila niliyemuuliza kwa nini panaitwa hivyo alinipa hadithi yake, na mbili kati ya hizo haziwezi kuchapishwa katika jarida la shule.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nione kwamba si sisi peke yetu. Baada ya mjadala ule mlezi wa chama aliniita ofisini akanipa kurasa chache alizokuwa amechapisha, zinazohusu nchi ya Ireland. Zamani huko kulikuwa na wasomi ambao kazi yao ilikuwa kujua kila kilima, kila mto na kila kivuko kilipataje jina. Hadithi hizo zinaitwa dindshenchas, na ziliandikwa katika vitabu vikubwa vya mkono, kimoja kikiwa ni Kitabu cha Leinster cha karne ya 12. Mto wao mmoja unaitwa Boyne. Wanasimulia kwamba mwanamke aitwaye Boann alikiendea kisima alichokatazwa, maji yakafura yakamfukuza mpaka baharini, na njia waliyopitia yeye na maji ikawa mto. Ziwa kubwa la Neagh nalo ati ni chemchemi iliyoachwa wazi bila kufunikwa. Wales, ng'ambo ya bahari kutoka kwao, kuna ziwa karibu na mji wa Bala ambalo husemwa lilizamisha jumba la mtawala mkatili usiku wa karamu, na asubuhi mpiga kinubi aliyeokoka akaona kinubi chake kinaelea.

Niliposoma hilo la mwisho nilisimama wima. Kwa sababu hadithi hiyo ninaijua! Niliisikia nikiwa na miaka sita, nimekaa kwenye gunia mlangoni pa jirani yetu. Si ya Wales, ni ya Simbi.

Jirani yetu huyo sote mtaani tunamwita Dani, yaani nyanya. Kwao ni Karachuonyo, si mbali na Kendu Bay, na karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la duara linaloitwa Simbi Nyaima, Simbi iliyozama. Dani husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa wakinywa pombe na kucheza, na mvua inanyesha. Akaja mwanamke mzee, amelowa, anaomba chakula na mahali pa kujikausha. Wakamfukuza. Wakacheka vile alivyokuwa akitetemeka. Mwanamke mmoja tu alimhurumia akamtia nyumbani kwake, akampa moto na chakula. Yule mzee alipokwisha kuota moto akamwambia, "Chukua watu wako utoke sasa hivi." Wakatoka. Mvua ikashuka ambayo haijawahi kuonekana, na ardhi ikakimeza kijiji na ngoma zao. Palipokuwa na kijiji pakawa maji.

Najua wapo watakaosema, na mwalimu wetu wa Jiografia ni mmoja wao, kwamba Simbi ni shimo lililotokana na mlipuko wa volkano, na ndiyo maana maji yake yana magadi na heroe huenda kutafuta chakula pale. Sibishi. Nikiulizwa katika mtihani nitaandika volkano na nitapata alama zangu. Lakini volkano haikuniambia kitu juu ya mtu anayebisha hodi usiku.

Na hapa kuna jambo ambalo sikulijua mpaka mwaka huu. Nilipomwambia mama kuhusu hadithi ya Wales alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Unajua kwa nini Dani anapenda hiyo ya Simbi?" Mwishoni mwa mwaka wa 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, mambo yalipoharibika katika mji huu, baba na mama walikuwa wamepanga chumba pale pale Manyatta. Mimi sikuwa nimezaliwa. Maduka yalichomwa, na watu wa makabila mengine wakawa wanaondoka. Mama anasema waligonga kwa Dani saa tatu usiku na mfuko mmoja. Walikaa kwake siku mbili mpaka walipopata njia ya kwenda Kisii. Kitanda chao, jiko na mizani ya mama ya sokoni Dani aliviingiza kwake, na vijana walipokuja kuuliza ni vya nani aliwaambia ni vyake, na kama wana shida waite mama zao waje waongee naye. Wazazi wangu waliporudi baada ya miezi kadhaa walivikuta vyote. Mizani hiyo bado tunayo. Inapunguza kidogo, lakini mama hataki kuibadilisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "mlikuja lini," mimi sina tarehe ya kumpa. Nina mizani tu.

Ningependa kusema pia jambo ambalo huenda likawaudhi wengine. Hadithi za majina na mawe si zote nzuri kwa sababu tu ni za wazee. Chukua ya Luanda Magere, shujaa wa Kano aliyekuwa na mwili wa jiwe. Sote tuliisoma shule ya msingi. Mikuki haikumwingia, mpaka maadui walipompa binti yao awe mke wake, naye akagundua kwamba nguvu za mumewe ziko kivulini, akatoroka akawaambia ndugu zake. Wakachoma kivuli, shujaa akafa akawa jiwe. Ni hadithi tamu na mimi huipenda sehemu ya vita. Lakini angalia nani mbaya ndani yake. Ni yule mke mgeni, aliyetoka kabila jingine. Na inapokwisha kusimuliwa, daima kuna mtu wa kusema, "Unaona? Hawa hawaaminiki." Mimi nikiwa nimekaa pale pale. Sisemi isisimuliwe. Nasema mwenye kuisimulia asimulie na ya Simbi siku hiyo hiyo, maana Simbi nayo ina mwanamke mgeni, na huko wenye makosa ni wenyeji.

Mwaka jana chama kilitupeleka Kit Mikayi, kule Seme, kwenye barabara ya Bondo. Ni kama kilomita 30 hivi kutoka mjini. Wengi wenu mlikuwepo, na mnakumbuka nani alitapika kwenye basi. Jiwe lile ni kubwa jamani, mawe makubwa yamepandana moja juu ya jingine kama mtu aliyapanga akaenda zake. Kiongozi wetu alitueleza kwamba mzee mmoja, Ngeso, alilipenda jiwe hilo hata akawa anashinda pangoni kutwa nzima, na mkewe humpelekea chakula huko. Akiulizwa mume yuko wapi, mke hujibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Ndipo likaitwa jiwe la mikayi, yaani mke mkubwa. Halafu mama mmoja aliyekuwa akiuza soda kando akadakia: hapana, jina ni kwa sababu mawe yamepangwa kama boma la mume mwenye wake watatu, mikayi, nyachira na reru, kila mmoja na upande wake. Wakabishana pale mbele yetu, na kiongozi akashindwa, maana mama yule alikuwa na sauti.

Nani mkweli? Siku ile niliandika ya kiongozi peke yake kwa sababu yeye ndiye aliyevaa beji. Leo ningeandika zote mbili. Na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi kwa wale waandishi wa Ireland. Wakikuta mahali pamoja pana hadithi mbili au tatu, mara nyingi waliziandika zote, moja chini ya nyingine, na katikati neno dogo tu: "au". Hawakumpigia mtu kelele. Hawakuwika.

Wapo pia wanaotunga hadithi kwa ajili ya pesa, hilo lazima tukubali. Huko huko Wales kuna kijiji cha Beddgelert, maana yake kaburi la Gelert, ambako wageni huonyeshwa kaburi la mbwa mwaminifu aliyeuawa na bwana wake kwa kukosea. Wataalamu wanaona kwamba kaburi lile lilitengenezwa karne ya 18, na mwenye hoteli wa pale ndiye anayelaumiwa, alitaka wateja. Kwa hiyo tuulize pia msimuliaji anauza nini. Yule mama wa Kit Mikayi alikuwa akiuza soda, si hadithi, ndiyo maana mimi namwamini kidogo zaidi.

Ombi langu kwa chama ni hili. Vitabu vyetu vikiuliza "Jina Kisumu lina asili gani?" huacha mstari mmoja tu wa kujaza. Sisi tuwe na daftari. Kila mwanachama aulize kwao jina la mtaa, la mto, la kilima, hata la steji ya matatu, aandike kila alichoambiwa kwa Kiswahili, na pembeni aandike neno lenyewe kwa lugha iliyolitoa, Kijaluo, Kinandi, Kikisii, Kinubi, Kihindi, lugha yoyote. Aandike pia umri wa msimuliaji na kwao ni wapi. Wazee wengi wanaojua haya hawajui kuandika, na wengi wetu tunaojua kuandika tuko kwenye simu. Dani amefikisha miaka themanini na kitu. Mwezi uliopita alinisimulia Simbi tena na akasahau jina la yule mwanamke mwema, jina ambalo zamani alikuwa akilitaja. Mimi nami sikuwahi kuliandika. Nimejaribu kulikumbuka mpaka kichwa kikauma.

Daftari nimekwisha kulinunua kwa pesa zangu, lile la kurasa 200 lenye jalada jeusi, na mlezi wa chama amekubali likae kwenye kabati lake katika chumba cha walimu. Ukurasa wa kwanza ni Kisumu. Nimeandika kisuma, "au" kusuma, na nikaacha nafasi kwa Wanandi kwa sababu bado sijapata mtu wa kunitamkia neno lao vizuri. Kama wewe ni Mnandi, niko darasa la kona, karibu na tangi la maji. Mwisho wa ukurasa nimeandika egesumu, kibanda cha kuku, na jina la ukoo wa babu yangu. Juzi nilikuta mtu amechora jogoo mdogo pale kando kwa kalamu nyekundu. Amemchora vizuri, sikumfuta.